Waacheni Watoto Wakande Unga

Twaanza na aibu yetu wenyewe, maana anayetaka kuwasema wenzake ni vema ajiseme kwanza.

Katika Kwaresima ya mwaka 2025 tulikuwa tukiwafundisha watoto hapa Lac Vert, upande wa magharibi wa mji wa Goma. Vita vilikuwa vimeingia mjini mwishoni mwa Januari. Mwezi wa Februari kambi za wakimbizi zilizotuzunguka zilivunjwa, watu wakaondoka na virago vyao kichwani, na watoto waliobaki darasani walikuwa wachache. Kati yao alikuwako mvulana wa miaka kumi hivi, hodari kuliko wote. Ulizo lolote la katekisimu alilijibu pasipo kukosa neno. Tulimwuliza, Pasaka ni sikukuu gani? Akajibu. Siku ya tatu Bwana wetu alifanya nini? Akajibu. Tukafurahi, tukawaambia wenzake wamwige. Kisha, bila kufikiri sana, tukamwuliza ulizo moja lisiloandikwa: "Na mama yako, tuliyemzika mwaka jana, yeye atakuwaje?"

Mtoto akanyamaza. Akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo: "Hilo halimo katika kitabu, Mwalimu."

Halimo! Na kila Dominika mtoto yule alisimama kanisani pamoja nasi, akaungama ufufuko wa wafu kwa sauti kubwa. Maneno yalikuwa kinywani mwake, lakini toka kinywani mpaka kaburi la mama yake hapakuwa na njia. Nani alaumiwe? Si mtoto. Mwanafunzi akijibu kama kasuku, mwenye kosa ni aliyemfuga. Sisi tuliokaa seminarini miaka mingi, tukajifunza kuyapanga maneno ya imani kwa sura na vifungu, tulimpa mtoto yule maneno ya Pasaka, wala hatukumpa Pasaka.

Ndiyo sababu twaandika. Twasema wazi ya kwamba watoto wetu yafaa wafundishwe Pasaka kwa kukanda unga, kungoja, kuoka na kumega mkate pamoja na wazazi na jirani zao, nyumbani au katika shirika lao. Twajua wako watakaotucheka. Wengine wamekwisha kutucheka. Basi na tuwajibu mmoja mmoja.

"Huo ni mchezo"

Wa kwanza husema: Kazi ya katekista ni kufundisha dini, si mapishi. Watoto wataupenda mkate, mafundisho watayasahau.

Ndugu, hebu tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Mungu alipotaka Waisraeli wasiusahau usiku ule waliotolewa Misri, hakuwaagiza wajenge shule. Aliwaagiza wapike. Mwana-kondoo aokwe motoni, mkate usitiwe chachu, mboga chungu ziwepo, na kila nyumba ile pamoja. Kisha aliongeza jambo ambalo sisi walimu tumelipita mbiombio: alijua ya kuwa watoto watauliza maana ya mambo hayo, akawaamuru wazazi wawajibu. Angalieni mpango wake. Kwanza chakula, halafu ulizo la mtoto, halafu jibu la mzazi. Sisi tumeupindua. Twaanza na jibu, ulizo twalitunga wenyewe, na chakula hakuna. Kisha twashangaa mtoto akisinzia.

Na Bwana wetu je? Ufalme wa mbinguni aliulinganisha na chachu ambayo mwanamke aliisitiri katika pishi tatu za unga. Kifo chake alikieleza kwa mfano wa punje ya ngano iangukayo ardhini. Wafuasi wawili wa Emau walitembea naye njia nzima, wakaelezwa Maandiko na Mwalimu mkuu kuliko wote, na bado hawakumtambua mpaka alipoumega mkate. Ikiwa mafundisho ya Bwana mwenyewe yalingoja meza ndipo macho yao yakafumbuliwa, sisi ni nani hata tutosheke na ubao na chaki?

Hatusemi kwamba kukariri kuachwe. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya katekesi ya mwaka 1979, alitetea faida ya kuyashika mafundisho kwa kichwa, na sisi twakubali kabisa. Mtoto asiyeijua Nasadiki kwa kichwa atakosa la kushika siku ya huzuni. Lakini maneno ni kama mfuko: mfuko ni wa lazima, ila mfuko mtupu haujamshibisha mtu hata mmoja.

"Hayo ni mambo ya Wazungu"

Wa pili husema: Mkate ni chakula cha Ulaya. Sisi ni watu wa ugali, viazi na ndizi. Mbona mwatuletea keki za Pasaka?

Kama neno ni keki ya dukani, iliyoandikwa jina kwa sukari, inayonunuliwa ili ipigwe picha na kuonyeshwa jirani, basi tu pamoja naye. Keki ile hatuitetei. Mtoto hakuikanda, hakuingoja, hajui ilitoka wapi; anajua bei yake tu. Pasaka ya kununuliwa humfundisha mtoto jambo moja, ya kwamba mwenye fedha ana Pasaka na asiye nazo hana. Hilo ni fundisho la uongo, nasi twalichukia.

Lakini kusema kwamba mkate wa Pasaka ni mambo ya Wazungu, hapana. Mtakatifu Augustino alikuwa Mwafrika, Askofu wa Hippo, katika nchi iitwayo leo Algeria, naye alifariki mwaka 430. Siku ya Pasaka alipowahubiria waliobatizwa usiku ule, aliwaeleza wao ni nani kwa habari za mkate. Aliwaonyesha ya kuwa walikuwa punje nyingi zilizotawanyika. Kwamba mafungo na sala za kumfukuza pepo ziliwasaga. Kwamba maji ya Ubatizo yaliwafanya donge moja. Na kwamba moto wa Roho Mtakatifu uliwaoka, wakawa mkate mmoja. Askofu yule, mwenye elimu kuliko sisi sote, hakuona haya kuingia jikoni kutafuta mfano wa fumbo kubwa. Tena tazameni Ethiopia. Wakristo wa huko hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, na asubuhi ya sikukuu jamaa nzima huketi pamoja kula, na mkate wao mkubwa uitwao dabo huwa mezani. Ni Waafrika hao, na Ukristo wao ni wa kale kuliko wa nchi nyingi za Ulaya.

Wala ngano si mgeni kwetu. Ndugu zetu wa nyanda za juu za Lubero, katika Kivu ya Kaskazini hii hii, huilima. Na asiyeipata achanganye unga wa mahindi au wa muhogo na ndizi zilizoiva. Yule mvulana wa Injili aliyeleta mikate mitano alileta mikate ya shayiri, chakula cha maskini. Bwana wetu hakumrudisha nyumbani kutafuta unga mweupe.

"Jiko ni la wanawake"

Wa tatu ni baba wa nyumba. Yeye husema: Wafundisheni wasichana kuoka, mwanangu wa kiume mwacheni.

Baba mpendwa, wewe wakaa kando ya Ziwa Kivu. Wawajua wavuvi wa sambaza wanaotoka usiku na taa zao, na wajua jinsi wanavyorudi alfajiri, wamechoka, wakati mwingine mikono mitupu. Basi soma sura ya 21 ya Injili ya Mtakatifu Yohane. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawakupata kitu. Kunapambazuka, wanamwona mtu ufukoni. Wanapotia nanga wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nani aliyeuwasha moto ule? Si mjakazi, wala si mama wa mtume fulani. Ni Bwana mwenyewe, akiwa amekwisha kuyashinda mauti. Alikuwa na mataifa yote ya kuyahukumu, akawasha makaa, akawapikia watu waliochoka.

Tena kuna jambo jingine. Injili ile yataja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni katika ua wa Kuhani Mkuu, Petro akiota moto na kumkana Bwana wake. Mara ya pili ni hapa ufukoni, anapoulizwa mara tatu kama anampenda. Alianguka karibu na makaa, akainuliwa karibu na makaa. Mtoto wa Goma, anayetumwa kununua makala kila juma na kupuliza mbabula kila jioni, akiambiwa habari hiyo huku mikono yake ina majivu, ataielewa kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini ni nani atakayemwambia, ikiwa baba amekaa barazani akingoja kuitwa kula? Mvulana amwone baba yake akikanda. Siku hiyo atajua ya kuwa kutumikia si unyonge.

"Wataudhania kuwa Ekaristi"

Wa nne ni mcha Mungu, nasi twamheshimu. Anaogopa watoto wasije wakauchanganya mkate wa nyumbani na Mwili wa Bwana. Hofu yake ni ya haki, na anayeidharau asifundishe.

Basi tuwaambie watoto waziwazi. Mkate wa altare katika Kanisa letu la Kilatini hautiwi chachu. Wa kwetu umetiwa. Mkate wa altare, kwa maneno ya Padri na nguvu ya Roho Mtakatifu, hugeuzwa kuwa Mwili wa Kristu. Wa kwetu wabaki mkate, hata tukiuombea baraka. Ule hupokewa na aliyejitayarisha. Huu hupewa kila mtoto, hata ambaye hajabatizwa, hata mtoto wa jirani asiye Mkristo. Tena huu hauliwi njiani kwenda Misa, kwa maana Kanisa latuagiza kufunga saa moja kabla ya kukomunika. Mtoto aliyeushika mkate wa kawaida, akaambiwa tofauti hizo, hatauchanganya. Anayechanganya ni yule ambaye hajawahi kuambiwa kitu, naye hupanga mstari wa Komunyo kama mstari wa kugawiwa biskuti.

Yafaa pia tuseme kweli juu ya mfano wenyewe. Donge huumuka kwa nguvu ya chachu iliyomo ndani yake. Kristu hakufufuka hivyo, kama kwamba kulikuwa na dawa iliyofichwa kaburini. Alifufuka kwa uwezo wa Mungu, katika mwili wake ule ule uliotobolewa, wala hafi tena. Mkate wetu ukikaa siku chache huota ukungu. Mfano ni daraja, si ng'ambo. Mwalimu amvushe mtoto, asimwache katikati ya daraja akichungulia maji.

"Watu wana njaa"

Sasa twafika kwa anayesema neno zito kuliko yote: Ninyi mwaoka mikate, na watu hawana cha kupika! Hamwoni haya?

Hatukujibu upesi alipotuambia hivyo, maana anasema kweli juu ya njaa. Tangu vita vilipoingia benki za mji zilifungwa, na hata mwenye fedha zake hakuzipata. Watoto hawa wameona mengi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliziangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, watoto wakiwa miongoni mwao. Wale waliokuwa wakicheza nao waliondoka Februari 2025, na wengine hatukusikia habari zao tena.

Lakini tumwulize ndugu yetu: Je, kwa sababu watoto wana njaa ya mkate, tuwaache pia na njaa ya maana? Mtoto mwenye shibe aweza kuishi muda mrefu na Pasaka ya maneno, kwa kuwa hakuna kinachomsukuma. Mtoto aliyezika mama hawezi. Yeye ndiye mwenye haki ya kwanza.

Nasi tulifanyaje mwaka ule? Hatukununua chochote kikubwa. Tuliwaambia watoto 14 kila mmoja alete konzi moja ya unga, wowote uliopo. Mama mmoja akatoa chumvi na chachu, mwingine sufuria kubwa yenye kifuniko. Makala yakawa ya jiko moja kwa nyumba nyingi, na hilo lenyewe ni akiba, kwa kuwa makala mengi ya mji huu hutoka katika msitu wa Virunga unaopukutika mbele ya macho yetu. Msichana mmoja kwao hapakuwa na unga kabisa. Alikuja amebeba jiwe. Tulitaka kumwambia kwa upole aketi tu, lakini mwenzake akasema, "Mwalimu, jiko letu lina mawe mawili." Kila mtu ajua mafiga ni matatu. Jiwe lake likawekwa, sufuria ikakaa. Lilikuwa jiwe jeusi la moto wa Nyiragongo, kama yale yaliyoteketeza nyumba na Kanisa Kuu la Goma mwezi Januari 2002. Sasa likabeba mkate. Hatukuhubiri siku ile juu ya kuchangia, jiwe lilitosha.

Twaweka sheria mbili, na asiyezikubali asianze. Ya kwanza: asiwepo mtoto atakayenusa mkate asiule. Ya pili: watoto wale kwanza. Katika sikukuu moja tuliyohudhuria, keki ilikatwa mbele ya wageni wa heshima, ikapigwa picha, ikaishia mezani pa wakubwa. Watoto walioimba tangu asubuhi wakaambiwa wanywe maji waende nyumbani. Hiyo si Pasaka ya Musa. Hiyo ni karamu ya Farao.

Namna ya kuifanya

Tusiishie kugombeza tu. Na tueleze njia, ili kila shirika liweze.

Alhamisi Kuu watoto wakande unga bila chachu, waoke mkate mwembamba juu ya kikaango, na wazazi wawaeleze Waisraeli waliotoka kwa haraka, na Bwana alivyoketi na mitume wake. Ijumaa Kuu moto wa mkate usiwashwe. Sheria ya kufunga haiwabani watoto, nao wale chakula chao cha kawaida, lakini mafiga wayaone baridi, waulize kwa nini.

Jumamosi Kuu jioni waje na konzi zao. Unga umiminwe pamoja, mpaka mtu asijue tena upi ni wake. Chumvi, chachu kidogo, maji ya uvuguvugu. Kila mkono ukande, wa baba pia. Donge lifunikwe kitambaa safi, liwekwe mahali pa salama. Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na donge huumuka polepole. Ni vizuri. Watoto wataka kufunua kila dakika, waambiwe wasifunue. Hapo ndipo wafundishwe Jumamosi ile ambayo kaburi lilikuwa kimya, na Mama Maria na wafuasi hawakuona kitu. Sisi wakubwa twairuka sana siku hiyo. Mtoto wa vita anaijua, maana anaishi ndani yake.

Jumapili baada ya Misa moto uwashwe. Hapa twawaonya wenzetu wa Lac Vert, Mugunga na Bulengo: msiwashe mabondeni, wala msiwakalishe watoto mashimoni. Mwajua mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini na kutulia mahali pa chini, hasa asubuhi kusipokuwa na upepo. Huua mbuzi na huua watu, na moto ukiingizwa humo huzimika. Chagueni mahali palipoinuka. Na watoto wakiwa salama, waulizeni ni kitu gani walichokiona kanisani usiku kikiingia gizani wala kisizimike. Wataukumbuka Mshumaa wa Pasaka, nanyi hamtahitaji maneno mengi.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto waondoe chachu ya kale, yaani uovu, na kuifanya sikukuu kwa unyofu na kweli. Wakati mkate ungali motoni, wasimulieni watoto habari za kijana wa mji wetu, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka, na rafiki wa watoto wa barabarani. Mwaka 2007 walimpa rushwa ili aache vyakula vilivyoharibika viingie vikaliwe na watu. Akakataa. Wakamteka, wakamwua mwezi Julai, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Mtoto akiona ya kwamba mtu wa Goma alikubali kufa ili maskini wasilishwe chakula kibovu, ataujua unga safi ni nini, na chachu ya kale ni nini. Atakapokuwa mtu mzima ofisini, huenda ataukumbuka mkate huu.

Na mkate ukitoka, usikatwe kwa kisu. Umegwe. Kipande kimoja kipelekwe kwa mgonjwa au mzee asiyeweza kutoka, na watoto ndio wapeleke.

Ulizo la mtoto

Twarudi kwa mvulana wetu. Usiku ule wa Jumamosi alikataa kwenda nyumbani upesi. Alikaa karibu na donge lililofunikwa, akalitazama. Asubuhi yake, tulipofunua, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Mkate ulipomegwa hakula mara moja. Akatuuliza: "Mwalimu, usiku hatukuona kitu. Na mama, yuko chini ya kitambaa?"

Hatukumjibu kwa kitabu, ingawa jibu limo kitabuni, tena lilikuwamo siku zote. Tulimwambia ya kwamba mama yake yuko mikononi mwa Yule aliyewasha makaa ufukoni. Kwamba haendi kufufuka kama unga, bali ataitwa kwa jina lake. Kwamba sisi bado tuko katika Jumamosi, na Jumapili imekwisha kuanza kwa Kristu. Akauliza tena, na tena. Maulizo mengine hatukuyaweza, tukamwambia hivyo. Alikula nusu ya kipande chake, nusu akaifunga katika karatasi kwa ajili ya mdogo wake.

Wapo watakaosema, Kumbe mwaringa kwa jambo dogo, mtoto kauliza tu. Ndiyo, ameuliza. Mungu katika kitabu cha Kutoka alilingojea hilo hasa, mtoto aulize. Miaka yote tuliyomfundisha alikuwa akijibu. Siku ile ndiyo ya kwanza aliyouliza.

Basi, enyi wazazi, enyi makatekista wenzetu, nanyi wakubwa wa mashirika, Pasaka ijayo haiko mbali. Msingoje fedha, msingoje amri kutoka juu, msingoje vita viishe. Tafuteni konzi za unga, kila mtoto na yake. Na asiye na unga mpokeeni na jiwe lake, kwa maana mafiga ni matatu.